Bahari Bila Mvuvi: Ushairi wa Hifadhi na Deni Lake kwa Watu wa Pwani

Kwa muda wa miaka thelathini hivi imezuka katika visiwa na mwambao wa Afrika ya Mashariki aina ya shairi ambalo msikilizaji hulijua kabla halijamalizika kusomwa. Husomwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, au tarehe 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani. Husomwa pia pale kibao kinapozinduliwa ufukweni, au miche ya mikoko inapokabidhiwa wanakijiji. Vina vyake hunyooka, mizani yake hutimia, na mpangilio wake haubadiliki. Ubeti wa mwanzo humwamkia mgeni rasmi. Wa pili na wa tatu huisifu bahari kuwa ni hazina. Kisha hufuata lawama: baruti, juya, utupa, shoka la mkata mikoko. Beti za mwisho huwahimiza wasikilizaji waache ujinga, makofi hupigwa, na shughuli nyingine huendelea.

Shairi hilo halistahiki kudharauliwa. Watunzi wake wengi wana ufundi, na wanayoyasema ni kweli. Baruti hulivunja kwa kitambo kidogo tumbawe lililokua kwa makumi ya miaka. Juya linalokokotwa juu ya mwamba na majani ya bahari huzoa samaki wachanga pamoja na wakubwa. Utupa huua kilichokusudiwa na kisichokusudiwa. Kasoro ya shairi hilo, basi, haimo katika ukweli wake wala katika fani yake. Imo katika kile kisichokuwamo: bahari yake haina mvuvi. Mvuvi akitajwa, hutajwa kama mshitakiwa aliyekwisha kuhukumiwa. Hayumo ndani yake mtu anayerudi diko na kikapu kitupu. Hakimo kikao cha shehia kilichogombana mpaka usiku. Hayumo mwanamke aliyesimama ukingoni akiutazama mwamba ambao jana aliruhusiwa kuukanyaga na leo haruhusiwi.

La kushangaza ni kwamba katika miaka hiyohiyo, mengi yaliyofanikiwa katika kuilinda bahari ya upande huu yamefanywa na watu hao waliokosekana ndani ya shairi. Wavuvi wa Pemba wameufunga mwamba wao kwa hiari ili pweza wakue. Wavuvi wa Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, walitenga kipande cha bahari yao tangu katikati ya miaka ya 2000. Wanakijiji wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wanaitunza mikoko na kupata fedha kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Mambo haya yana vitimbi, hofu, ugomvi, subira na furaha. Yaani yana kila kitu ambacho mshairi hukitafuta. Kwa nini basi ushairi uliozaliwa pwani umeyapita bila kuyaona? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba watunzi wameiazima lugha ya ofisini na kuiacha lugha ya diko, na ilhali lugha ya diko ndiyo iliyokwisha kuyapatia mambo haya tamathali zake.

Hazina na kasha lake

Neno linalotawala mashairi ya hifadhi ni hazina. Ndugu zake ni urithi, utajiri na lulu. Kwa sikio la haraka maneno haya ni ya sifa tu, wala hayana dhara. Lakini tamathali haiingii katika shairi peke yake. Huja na jamaa zake. Hazina ina kasha, kasha lina ufunguo, ufunguo una mwenyewe, na panapokuwa na mwenyewe hupatikana mlinzi na mwizi. Bahari ikishaitwa hazina katika ubeti wa pili, hapana budi katika ubeti wa tano mtu aitwe mwizi. Na kwa kuwa mwenye hazina hatajwi, au hutajwa kuwa ni taifa zima, anayebaki karibu na kasha mkono ukiwa ndani ni yule anayeonekana kila siku: kijana mwenye mtumbwi, au mama mwenye kijiti na kikapu.

Hivyo lawama haitokani na roho mbaya ya mtunzi. Inatokana na tamathali aliyoichagua. Mtu aliyekusudia kuitetea pwani hujikuta amewashitaki watu wake. Mwenye hoteli iliyojengwa juu ya mstari wa bamvua, meli kubwa za kigeni zinazovua bahari kuu, na muuzaji wa baruti ambaye hajapata kulowa hata vifundo vya miguu, hao huwa mbali na kasha na aghalabu hawamo katika shairi.

Upo ubaya wa pili. Hazina haibadiliki. Dhahabu iliyozikwa leo itafukuliwa vilevile baada ya miaka mia. Bahari si hivyo. Huzaa na kufa, hujaa na kupwa, hupokea na kutoa, na mtu wa pwani ni sehemu ya mwendo huo. Kuiita hazina ni kuisimamisha. Ndiyo maana beti nyingi za namna hii hazina kitenzi chochote cha kazi isipokuwa kulinda na kuharibu. Hakuna kutega, kupembea, kuchokoa, kutanda, kuvuta, kungoja maji.

Kufunga na kufungua

Wanakijiji wana msamiati mwingine. Wanapokubaliana kuuacha mwamba upumzike, husema wameufunga. Muda ukitimia, huufungua. Hakuna mshairi aliyekaa akawatungia maneno hayo. Lakini Mswahili hawezi kuyasikia bila kuisikia pia funga ya Ramadhani. Kitenzi ni kimoja. Na ukiyaweka maneno haya mawili kwenye mizani, hazina upande mmoja na kufunga upande wa pili, tofauti yake ni kubwa. Mtu hafungi kwa sababu chakula ni kibaya, wala kwa sababu yeye ni mwizi wa chakula. Anafunga kwa nia, kwa muda unaojulikana, pamoja na wenzake, huku njaa ikimuuma kweli, na mwisho wa funga ni kula. Ndani ya neno hilo mna wakati, mna mwili, mna jamaa, na mna furaha ya kufungua. Hakuna chochote katika hayo kilichomo ndani ya neno hazina.

Namna kufunga kwenyewe kunavyokwenda kunastahili kuelezwa, kwa sababu shairi lisilojua kazi haliwezi kujua maana yake. Mwaka 2004, huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, wavuvi wa Kivezo walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa wasivue pweza. Walipofungua waliwakuta pweza wakubwa. Fikra hiyo ikavuka bahari, na katika miaka ya 2010 ikafika Zanzibar, ambako wakaazi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuijaribu. Siri yake ni maumbile ya pweza mwenyewe. Pweza wa miambani hukua upesi mno. Uzito wake huongezeka maradufu katika muda mfupi, na maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja tu. Hujifungia tunduni, huyalinda mayai yake na kuyapepea maji bila ya kula, na yakishaanguliwa hufa. Mwamba ukiachwa kwa miezi mitatu hivi, pweza aliyekuwa mdogo huwa mkubwa, na baadhi ya majike huwahi kutaga.

Hapa pana kiumbe kinachofunga mpaka kufa kwa ajili ya watoto wake, na pana watu wanaofunga ili yeye apate kufunga kwake. Ni vigumu kuamini kwamba ushairi unaoweza kuzunguka beti kumi na mbili kwa ua la asumini haujapata la kusema juu ya jambo hilo. Katika mashairi ya jukwaani pweza, akitajwa, hutajwa katika orodha, kati ya kamba na jodari.

Lakini kufunga kuna gharama, na gharama hiyo haigawanyiki sawa. Mwanamume mwenye dau au ngalawa, mwamba wa karibu ukifungwa, husogea mbali. Mwanamke anayekwenda pwani kwa miguu wakati wa bamvua hana pa kusogea. Eneo lake ni lile linaloachwa wazi na maji kwa saa chache tu, na chakula cha watoto wake hutoka humo: pweza, chaza, kombe. Likifungwa hilo, yeye ndiye anayefunga kweli. Wengine wanashuhudia funga yake. Tena yapo mashaka. Wa shehia jirani hakukubaliana na lolote, na usiku hauna mlinzi wa kutosha. Na siku ya kufungua watu hujazana kutoka kila upande, pweza wengi hutolewa kwa saa chache, na mnunuzi akiona wingi huo huishusha bei. Kamati ya kijiji hulazimika kuyazungumza yote haya: nani alinde, nani alipwe, mgeni aruhusiwe au asiruhusiwe, mnunuzi akubali bei gani kabla ya siku yenyewe kufika.

Kikao cha namna hiyo kina mivutano kuliko tamthilia nyingi. Hifadhi inayoongozwa na watu wenyewe si hali ya usafi wa moyo, kama mashairi yanavyodhani; ni mapatano. Na mapatano huwa na pande zaidi ya mbili, huwa na anayepata zaidi na anayepoteza zaidi, na yanaweza kuvunjika usiku mmoja. Ushairi unaoficha gharama ya mapatano hauwasaidii waliopatana. Huwafanya wale waliolipa waonekane hawakulipa kitu.

Kuhifadhi moyoni

Neno hifadhi lenyewe limepoteza sehemu ya maana yake kwa kuandikwa sana kwenye vibao. Mtoto wa chuoni anapoambiwa kwamba fulani amehifadhi, hafikirii uzio wala boti ya doria. Anafahamu kuwa fulani ameiweka Qurani moyoni, aya baada ya aya, kwa kuirudia. Maana hii haikufutika. Iko hai katika kila nyumba ya pwani. Kuhifadhi, kwa hiyo, si kukiweka kitu mbali na watu. Ni kukiweka ndani yao. Mwambao wa Kenya umelipata neno jingine zuri: tengefu, yaani pahala palipotengwa na wenyewe. Eneo la Kuruwitu, lenye ukubwa wa hekta 30 hivi, lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuitwa hivyo, na jumuiya yake ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Tengefu na kufunga ni maneno ya watu waliotenda jambo kwanza, ndipo wakalipa jina.

Ushahidi mkubwa kwamba fasihi inaweza kuhifadhi bahari kwa maana hii ya kuiweka ndani ya watu unatoka Misali, kisiwa kidogo kilicho magharibi mwa Pemba. Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani hapo akataka msala wa kusalia. Alipoambiwa kuwa haupo, alisema kuwa kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya msala, na inasemekana kimekaa kuelekea kibla. Hapo ndipo jina lilipotoka. Hadithi hii ni fupi kuliko shairi lolote la jukwaani. Haina amri, haina lawama, wala haimtaji mharibifu. Lakini inafanya kazi ambayo beti ishirini za nasaha hazikuiweza.

Kwanza, hadithi hiyo ilikuwa mali ya wavuvi kabla ya mradi wowote. Misali ni pahala pa dago. Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba hupiga kambi hapo kwa siku kadhaa, na mtu anayelala juu ya mchanga wa kisiwa hukijua kisiwa hicho kwa jina lake na kwa kisa chake. Pili, tamathali ya msala ina mtu ndani yake. Msala hautandikwi ili utazamwe. Hutandikwa ili utumiwe, na mwenye kuutumia huulinda na najisi kwa sababu anautumia. Hakuna haja ya kumfukuza mtu msalani. Kuna haja ya kumkumbusha avue viatu. Ni kinyume kabisa cha hazina na kasha lake.

Mwaka 1998 Misali na maji yanayoizunguka vilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sehemu moja ilifungwa isivuliwe kabisa, na sehemu kubwa iliyobaki iliachiwa wavuvi waendelee kuvua kwa zana zinazokubalika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mafunzo ya Kiislamu juu ya maumbile yakaingizwa katika kazi hiyo, kwa msaada wa taasisi ya Islamic Foundation for Ecology and Environmental Sciences ya Uingereza na shirika la CARE: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba viumbe ni amana, na kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa mizani. Mvuvi aliyezoea kuambiwa kwamba baruti ni kosa la sheria aliambiwa sasa kwamba ni khiyana. Neno la sheria hutoka nje; neno khiyana lilikuwamo ndani yake tangu utotoni.

Isidhaniwe kwamba hadithi na hotuba za msikitini ndizo zilizofanya yote. Palikuwa na sheria, palikuwa na walinzi na boti, na palikuwa na vikao. Mwaka 2005 Misali ikawa sehemu ya eneo kubwa zaidi la hifadhi la Mkondo wa Pemba. Na wala bahari hiyo haijawa salama milele. Linalosemwa ni dogo lakini ni la uhakika: pale ambapo maneno ya hifadhi yalipatikana ndani ya imani na masimulizi ya wavuvi, yalisikika. Na kwa mshairi kuna funzo la ziada, kwamba neno mizani, ambalo yeye hulitumia kuhesabia silabi, ndilo hilohilo linalotumika kwa ulinganifu wa viumbe. Mtu anayejua kuwa mshororo ukizidi silabi moja hupwaya, angekuwa wa kwanza kuelewa kwa nini mwamba ukipungukiwa na samaki wa aina moja huharibika.

Wazee nao walikata

Kuna jambo jingine ambalo mashairi ya hifadhi hulipitia juujuu, nalo ni zama za kale. Ubeti mmoja hutengwa kwa ajili ya wazee, ambao husemekana waliishi na bahari kwa wema mtupu mpaka tamaa ya leo ilipoingia. Historia ya pwani haikubaliani na ubeti huo. Miji ya mawe iliyoililia fasihi ya Kiswahili, na Pate ya Al-Inkishafi ikiwa ya mbele, ilijengwa kwa matumbawe. Chokaa yake ilikuwa ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Dari zake zilishikwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti hizo. Kwa karne nyingi boriti zilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni na Ghuba. Utamaduni ambao washairi hujivunia ulitolewa baharini na mikokoni, kipande kwa kipande.

Kulikiri hilo hakuwavunjii wazee heshima. Kinyume chake, huwarudishia akili zao. Mkataji boriti hakuona pori moja la kijani liitwalo mikoko. Aliona mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana na mkomafi, na kila mti alijua unafaa nini na unasimama wapi katika matope. Mshairi wa leo anaposema mikoko peke yake, kila mara, katika kila ubeti, amejua kidogo kuliko yule anayemlaumu. Al-Inkishafi ingeweza kuwa mwalimu hapa. Nguvu yake haitokani na kumwambia msomaji kuwa dunia ni ya kupita. Hilo kila mtu hulijua. Inatokana na kumwingiza ndani ya nyumba iliyohamwa na kumwonyesha kitu kimoja kimoja. Msitu wa mikoko uliokufa, au mwamba uliogeuka kifusi, ni nyumba iliyohamwa vilevile, na haujapata bado mtu wa kuuingia chumba kwa chumba.

Huko Gazi maarifa haya ya miti yamepata kazi mpya. Tangu mwaka 2013 kijiji hicho na jirani yake Makongeni, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa, na fedha zake zimekwenda kwenye maji na shule. Mradi huo nao ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Mti uliokuwa boriti, ukawa kuni, ukawa makaa, sasa unalipwa kwa kusimama tu. Mshairi mwenye jicho angeiona kejeli iliyomo: mnunuzi yuko mbali, hajui mchu wala mkandaa, na ananunua kitu ambacho hakionekani. Je, ni baraka au ni kasha jipya lenye ufunguo mwingine? Shairi lisingelazimika kujibu. Lingetosha kwa kuuliza mbele ya watu.

Fani ipo

Huenda msomaji akajibu kwamba nasaha ni nguzo ya ushairi wa Kiswahili, na kwamba kulilaumu shairi kwa kuonya ni kulilaumu jua kwa kuwaka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini itazamwe nasaha iliyodumu. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa mama mgonjwa akizungumza na binti yake. Msemaji anajulikana, msikilizaji anajulikana, na kinachowaunganisha ni damu na kifo kinachokaribia. Nasaha ya jukwaani haina mama wala binti. Husemwa na asiyevua, kumwambia asiyekuwapo, mbele ya asiyehitaji kuonywa.

Mapokeo ya pwani yana fani zinazoiweza kazi hii zaidi. Kimai, nyimbo za mabaharia na wavuvi, zilitungwa na watu waliokuwa wakivuta makasia, na ndani yake kaskazi na kusi si mapambo bali ni masharti ya kazi. Majibizano yanafaa zaidi bado. Tangu zama za Muyaka washairi wa Mvita na kwingineko wamekuwa wakifunga hoja kwa beti na kufunguliwa kwa beti. Kwa kuwa hifadhi ni mapatano, fani yake ya asili ni ile yenye sauti zaidi ya moja. Mwanamke wa pweza aseme. Mwenye dau amjibu. Mvuvi wa dago kutoka Kojani aulize kwa nini anakatazwa bahari ambayo babu yake aliizunguka. Kijana wa kamati aliyelinda usiku bila ya malipo apate beti zake. Hapo mshairi hatahitaji kutoa hukumu. Kila sauti itabeba haki yake na kosa lake.

Mfano wa mtunzi aliyeweza kuacha vitu viseme vyenyewe haupo mbali. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, aliijua bahari kwa mikono yake, maana alipata kuwa mvuvi na baharia. Shairi lake la Kimbunga, lililoipa jina diwani yake ya mwaka 1994, linasimulia dhoruba iliyoupitia mji wa Siyu na kupindua matarajio yote: vilivyo imara vikaanguka, vilivyo dhaifu vikasalimika. Watu wamelisoma kwa maana za siasa, za dini na za maisha, na wote wamepata cha kushika, kwa sababu mtunzi hakuwaambia washike nini. Aliwaonyesha miti na nyumba, akanyamaza. Laiti mwamba uliofungwa ungepata mtunzi wa subira hiyo.

Kinachohofiwa katika jambo hili si bahari peke yake. Bahari italindwa, ikiwa italindwa, na watu wanaokaa katika vikao na kukubali kulala na njaa kidogo kwa ajili ya mwezi ujao. Hawakulingoja shairi. Lakini zamani mambo makubwa ya pwani, vita, njaa, harusi na misiba, hayakupita bila ya beti, na mtu wa kawaida alizihifadhi kwa sababu alijiona ndani yake. Mvuvi akiendelea kusikia kwamba ushairi ni ule unaomtukana mara moja kwa mwaka mbele ya wageni, ataacha kuusikiliza, na kumbukumbu za mapatano yake zitabaki katika daftari la katibu wa kamati. Daftari hilo huandika tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, na kilo zilizopatikana. Halina safu ya kuandika nani alirudi na kikapu kitupu katika miezi mitatu ya katikati, na alipika nini siku hiyo.